Kuujua Mninga Usio na Majani

Kipupwe kikishika, kuanzia Juni, misitu yetu ya Kilwa huanza kupukutisha majani, na ikifika Agosti pori zima limebaki matawi matupu. Kwetu sisi wa kamati ya maliasili ya kijiji, ndipo doria inapopamba moto, maana njia zimekauka na malori yanapita. Mpasua mbao asiye na kibali haulizi jani ili aujue mninga. Anayelinda msitu naye asiliulize.

Anza na gome. La mninga ni nene, limekolea rangi, limepasuka wima na kwa upande likawa vipande vipande mithili ya mgongo wa mamba. Kisha inua macho: majani yakiisha, matunda hubaki yananing'inia kwa miezi. Ni ya duara, bapa, yenye ukingo mwembamba, na katikati yamejaa miiba myembamba inayochoma. Wapo wanaopiga panga shinani ili waone utomvu mwekundu. Utomvu unatoka kweli, lakini mimi nalipinga jambo hilo, kwa sababu moto wa kiangazi huingilia kwenye jeraha kama hilo.

Mkongo nao una alama zake: gome lake ni la kijivu, hubanduka magamba ya duara na kuacha mabaka yaliyopauka. Chini ya mti utaokota maganda magumu na mbegu nyeusi zenye kofia nyekundu.

Mpingo huwatatiza vijana, kwani wanatafuta weusi. Weusi uko ndani, kwenye kiini. Gome lenyewe ni jembamba, la kijivu. Tena una miiba, wakaudhania mgunga. Shika tawi uangalie vizuri: mwiba wa mpingo ni kijitawi kifupi kilichochongoka, na mvua zikija huota majani. Mwiba wa mkambala, ambao ni mmoja wa migunga, umetokeza kwenye gome tu, umepinda, na shinani huwa juu ya vinundu.

Kinachoniuma ni miche ya mninga. Miaka yake ya mwanzo, kijiti cha juu hufa kila kiangazi huku mzizi ukinenepa ardhini, mvua zikinyesha huchipua upya. Mtu anayesafisha shamba hukiona kikavu akaking'oa. Kabla hujaking'oa, fukua udongo kidogo, kwaruza kwa ukucha pale mzizi unapoanzia. Ukikuta ubichi, fukia, kisha fyeka nyasi kavu za pembeni kabla moto haujafika.