Vitu vya kale: Umri ndio bei, umri ndio kikwazo mpakani

Mwishoni mwa wiki, katika vitongoji vya Nairobi, Mombasa na Dar es Salaam, familia zinazohama huuza vyombo vyao uani: vitanda, majiko, vitabu, na mara nyingine kasha la mbao lenye njumu za shaba lililokaa sebuleni miaka mingi. Mnunuzi mzoefu hufika mapema, hulipita friji bila kulitazama na kulipigia magoti kasha. Hufungua mfuniko, hupapasa misumari na kutafuta saraka ya siri. Akiridhika hulipa, na hesabu yake tayari iko kwa mteja wa nchi jirani au wa Ulaya.

Hesabu hiyo huwa na pengo moja. Katika bidhaa nyingi uchakavu hushusha bei, lakini kwa vitu vya kale uzee ndio bei yenyewe. Uzee huo huo ndio unaoufanya mzigo uhitaji kibali, na asiyekuwa nacho anaweza kupoteza kasha, faida na hata gari.

Mwaka gani ndio mpaka?

Kenya na Tanzania zote zina sheria za kulinda vitu vya kale, ila miaka inayotajwa haifanani.

Nchini Kenya, Sheria ya Makumbusho na Urithi ya mwaka 2006 inahesabu kuwa cha kale kitu chochote kinachohamishika kilichotengenezwa au kuingizwa nchini kabla ya mwaka 1895, isipokuwa vitabu na nyaraka. Milango na fremu zilizochongwa kwa mtindo wa Kiafrika au wa Mashariki kabla ya mwaka 1946 nazo zinalindwa. Kuvifanyia biashara vitu hivyo kunahitaji leseni, na kuvitoa nchini kunahitaji kibali.

Tanzania Bara inafuata Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, iliyorekebishwa mwaka 1979. Hapo kikomo cha vitu vya kale ni mwaka 1863, na kwa milango ya kuchonga ni mwaka 1940. Vitu vya matumizi ya kijamii na kitamaduni vilivyotengenezwa baada ya mwaka 1863 navyo vinalindwa, isipokuwa vile vilivyotengenezwa ili kuuzwa kama mapambo. Zanzibar ina sheria na idara yake.

Chukua mfano wa mlango uliochongwa mwaka 1943. Ukiwa Lamu au Mombasa, unalindwa. Ukiwa Bagamoyo, kwa kigezo cha mwaka peke yake, haumo. Ndiyo maana swali la kwanza la mfanyabiashara lisiwe "bei gani?" bali "umetengenezwa lini, na wapi?"

Kipya kilichozeeshwa

Kuna tatizo la upande wa pili. Mafundi wa pwani wanachonga milango na makasha mapya kwa mitindo ya zamani, na baadhi hupakwa rangi na kukwaruzwa yaonekane ya kale. Kazi hizo ni halali na hazihitaji kibali cha vitu vya kale. Lakini muuzaji akiandika "la kale" kwenye risiti ili kumpendeza mteja, ameufungia mzigo wake mwenyewe njia. Kwa kazi mpya, risiti itaje karakana, aina ya mbao na mwaka wa kutengenezwa.

Asili ya kitu ni nusu ya bidhaa

Somo kubwa zaidi limetoka kwa vigango, nguzo za mbao ambazo Wamijikenda wa pwani ya Kenya huzisimamisha kwa heshima ya wazee wao waliofariki. Vingi viliibwa, vikauzwa kama mapambo na kuishia katika makumbusho ya Marekani. Viwili vilivyopigwa picha na mtafiti nyumbani kwa familia moja mwaka 1985 viligunduliwa baadaye katika vyuo vikuu viwili vya nchi hiyo, na picha hiyo ikasaidia kuthibitisha vilikotoka. Mwaka 2019 vigango 30 vilivyokuwa katika makumbusho ya Denver viliwasili Kenya.

Baadhi ya makumbusho yaliyovipokea yamevirudisha. Ndiyo sababu wanunuzi wakubwa wa leo huuliza kitu kimepitia mikono ya nani kabla ya kukisifu.

Ulaya nako kumekaza. Tangu tarehe 28 Juni 2025, bidhaa za kale zinazotoka nje ya Umoja wa Ulaya zinafuata utaratibu mpya. Vilivyochimbuliwa ardhini vyenye zaidi ya miaka 250 vinahitaji leseni ya kuingizwa. Baadhi ya vingine vyenye zaidi ya miaka 200 na thamani ya euro 18,000 au zaidi vinahitaji tamko la mwagizaji kwamba vilitoka kihalali nchini kwao.

Pembe na magamba

Kasha au kiti chenye nakshi za pembe za ndovu au magamba ya ng'amba kina kikwazo cha ziada. Biashara ya kimataifa ya pembe za ndovu ilipigwa marufuku kwa uamuzi wa mwaka 1989 ulioanza kazi mwaka 1990. Umri wa kiti hausafishi pembe iliyomo. Bila hati za mamlaka ya wanyamapori, kisipakiwe.

Msafirishaji naye yumo

Madereva wengine hudhani hati ni shida ya mwenye mzigo. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 inaruhusu kutaifishwa kwa gari lililotumika kusafirisha bidhaa zilizopigwa marufuku au zenye masharti, kinyume cha sheria. Kuandika "fanicha iliyotumika" kwenye hati za kasha la karne ya 19 si njia ya mkato. Forodha ina fungu maalumu, namba 97.06, kwa vitu vya kale vyenye zaidi ya miaka 100.

Wafanyabiashara wadogo nao wasichanganye mambo. Cheti rahisi cha uasilia, kinachotumika kwa mizigo isiyozidi dola 2,000, kinahusu ushuru wa bidhaa za Jumuiya. Hakichukui nafasi ya kibali cha mambo ya kale.

Kabla ya kulipa

Utaratibu ulio salama ni mfupi. Muuzaji aandike jina lake, alikopata kitu na tangu lini. Kitu kipigwe picha pande zote kingali nyumbani kwake. Kisha picha zipelekwe makumbusho au idara ya mambo ya kale kabla ya fedha kutoka mfukoni, na wakala wa forodha aonyeshwe jibu kabla ya gari kukodiwa. Jibu likiwa "hapana", hasara ni siku chache za kusubiri. Likija mpakani, mzigo umeshalipiwa na lori liko kwenye foleni.