Utata wa Nasaba ya Ali bin al-Hasan wa Kilwa
Vyanzo vya historia ya Kilwa havikubaliani kuhusu wazazi wa Ali, anayetajwa kuwa mwanzilishi wa utawala wa Kishirazi. João de Barros, katika kitabu kilichochapishwa mwaka 1552, anamtaja baba kuwa Sultani Hocen wa Shiraz na mama kuwa mtumwa wa Kihabeshi. Kwa sababu hiyo ndugu zake walimdharau, naye akahama. Tarikhi ya Kiarabu haina dharau hiyo: baba mwenyewe anaota panya mwenye pua ya chuma akitafuna ukuta wa mji, kisha anasafiri na wanawe kwa merikebu saba. Sarafu zilizopatikana pwani zina jina Ali bin al-Hasan. Kuhusu baba, ushahidi huo una uzito zaidi, kwani sarafu hupigwa kwa amri ya mtawala. Kuhusu mama, na hata Shiraz, ziko kimya.