Mbona daktari haniambii ninachougua?

Majuzi alifika kwangu mama mmoja wa miaka 58 akiwa na kiondo kilichojaa dawa. Alizimwaga zote mezani. Alikuwa ametibiwa presha kwa miaka miwili katika vituo vitatu tofauti, na pakiti mbili kati ya zile zilikuwa dawa ile ile moja, ila majina ya kampuni tu ndiyo yaliyotofautiana. Nilipomuuliza anameza ipi, alinijibu: "Daktari, nilimeza za mwezi mmoja zikaisha, nikaona nimepona. Hakuna aliyeniambia kwamba zinaendelea."

Presha yake siku hiyo ilikuwa 190 kwa 110. Hakuwa akisikia maumivu yoyote, na hiyo ndiyo hatari ya ugonjwa huu: mtu hujiona mzima hadi siku anapopatwa na kiharusi.

Sisi madaktari hupenda kudhani kwamba kinachowaudhi wagonjwa zaidi ni foleni, au bei ya dawa. Ni kweli hayo yanaudhi. Lakini malalamiko ninayoyasikia kila wiki ni ya aina nyingine: "Hakuniangalia hata usoni." "Nilikuwa bado nasema, yeye keshaandika." "Nimetoka na dawa, lakini sijui naugua nini." Mgonjwa aliyengoja tangu alfajiri huweza kusamehe foleni endapo atasikizwa akiingia ndani.

Mnamo 1984, watafiti wawili wa Marekani, Howard Beckman na Richard Frankel, walichunguza mazungumzo 74 kati ya madaktari na wagonjwa. Waligundua kwamba kwa wastani daktari alimkatiza mgonjwa baada ya sekunde 18. Watafiti wengine walipochunguza jambo hilo tena mnamo 1999, muda ulikuwa umeongezeka hadi sekunde 23 tu.

Hofu yetu ni kwamba tukimwachia mgonjwa nafasi, ataongea hadi jioni. Huko Uswisi waliijaribu hofu hiyo. Katika utafiti uliochapishwa mnamo 2002, madaktari waliagizwa wanyamaze hadi mgonjwa amalize mwenyewe. Kwa wastani wagonjwa walimaliza kwa sekunde 92, na karibu wanane kati ya kila kumi hawakupita dakika mbili.

Nami sijitoi lawamani. Miaka kadhaa iliyopita, mzee mmoja alikuja akilalamikia mgongo. Wagonjwa walikuwa wamejaa hadi nje, nami nikamwandikia Brufen kabla hajamaliza kueleza. Alipokwisha kushika kitasa cha mlango aligeuka, akasema kwa haya: "Na choo, daktari, siku hizi ni cheusi kama lami." Nilimrudisha kitini. Choo cha namna hiyo huwa ni dalili ya damu inayovuja tumboni, na dawa niliyokuwa nimempa ingeongeza uvujaji huo. Siku hiyo alilazwa hospitalini. Lau angefunga mlango kimya kimya, sijui ningemweleza nini mkewe.

Jambo lingine ni lugha. Sisi tulisomea kazi hii kwa Kiingereza, na tunasahau kwamba maneno yetu si ya kila mtu. Kijana mmoja aliambiwa matokeo yake ya damu ni "negativu", akashinda siku tatu bila kula akidhani ameambiwa habari mbaya, kumbe alikuwa ameambiwa ugonjwa haukuonekana. Na ile alama ya 1x3 kwenye pakiti ya dawa, wapo wanaoielewa kuwa ni kumeza vidonge vitatu kwa mpigo.

Kuelezwa hali yako si hisani ya daktari. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 humtaka mhudumu akueleze hali yako, matibabu yaliyopo, manufaa na hatari zake, na gharama. Tena inataka maelezo hayo yatolewe kwa lugha unayoielewa kila inapowezekana.

Kwa hivyo, msomaji, unapoingia kwa daktari anza na lile linalokutia hofu zaidi, hata kama ni la aibu. Usilihifadhi hadi mlangoni. Beba dawa zote unazomeza, zikiwemo za mitishamba. Kabla hujatoka, uliza: Naugua nini? Dawa hii ni ya kazi gani, na nitaimeza hadi lini? Nikiona dalili gani nirudi haraka? Kisha rudia kwa maneno yako uliyoelezwa, ili daktari akurekebishe pale ulipokosea. Daktari akikasirika kwa kuulizwa, hilo ni tatizo lake wala si lako. Mweleze msimamizi wa kituo, na ikiwa umedhurika, Baraza la Madaktari hupokea malalamiko.

Upande wangu, nimetundika saa ukutani nyuma ya kiti cha mgonjwa. Dakika mbili za kwanza kalamu yangu hulala mezani, nami hunyamaza. Zipo siku hunishinda, hasa Jumatatu, foleni inapofika barabarani. Ukinikuta siku kama hiyo, niambie: "Daktari, sijamaliza."