Karatasi, Daftari na Kipande: Historia ya Vyombo vya Kuandikia katika Msamiati wa Kiswahili

Madhumuni ya makala haya ni kuonyesha kwamba majina ya vyombo vya kuandikia yamehifadhi historia ambayo kamusi, kwa kuyatia alama ya "Kiarabu" tu, huiacha nusu.

Tuanze na karatasi. Neno hili limetokana na Kiarabu qirtas, nalo likatokana na Kiyunani khartes, yaani ukurasa wa mafunjo. Wamisri walipasua bua la mafunjo vipande vyembamba, wakavipanga tabaka mbili zilizokingamana, wakavigandamiza na kuvikausha. Mmea huo huo humea kandokando ya Ghuba ya Winam, magharibi ya Kericho, ambako mabua yake hufumwa mikeka. Karatasi tuijuayo leo ni zao la Uchina. Mapokeo humtaja Cai Lun, mwaka 105, aliyetumia magome ya miti, katani na matambara. Ufundi huo ulifika Samarkand na Baghdad katika karne ya 8. Kitu kilibadilika, jina likabaki.

Daftari nalo lina asili ya Kiyunani, diphthera, yaani ngozi iliyotengenezwa. Waraka, kwa upande wake, ni "jani" kwa Kiarabu. Basi mafunjo, ngozi na jani vyote vimo katika msamiati wetu, ingawa msemaji havioni.

Pwani, maneno haya yaliambatana na elimu na biashara. Barua za Kiswahili zilizoandikwa Kilwa mwaka 1711 kwa hati za Kiarabu, na kuhifadhiwa Goa, ni ushahidi wa matumizi hayo.

Bara hali ilikuwa nyingine. Mashamba makubwa ya chai yalipoanzishwa Kericho katika miaka ya 1920, karatasi iliyomhusu kibarua wa kiume kuliko zote ilikuwa kipande, cheti cha usajili kilichotokana na sheria ya 1915, alichokichukua shingoni ndani ya mkebe wa chuma. Hapa hapakuwa na neno la kigeni: ni shina la Kibantu, -pande, lililobebeshwa maana mpya, na uchungu wake.

Kwa hiyo asili ya neno pekee haitoshi. Neno la kigeni laweza kuwa chombo cha elimu, na la kwetu likawa chombo cha kutawaliwa. Kamusi zetu hazina budi kueleza njia neno lilizopitia, pamoja na mikono iliyolitumia.