Utungaji wa Shanga na Utungaji wa Istilahi: Mafunzo Kutoka Mlali

Utangulizi

Mara nyingi orodha ya istilahi huanzia mezani. Mwundaji huchukua kitabu cha kigeni, huorodhesha maneno yaliyomo, kisha hutafuta neno moja la Kiswahili kwa kila neno alilolikuta. Njia hii ni ya haraka, na katika fani zilizokulia ng'ambo, kama vile uhandisi wa mitambo, pengine haina badala. Lakini katika fani ambazo zimo mikononi mwa wananchi wenyewe njia hiyo ina hatari. Makala haya yanakusudia kuionyesha hatari hiyo kwa mfano mmoja, nao ni kazi ya kutengeneza mapambo ya shanga.

Baadhi ya wageni wanaofika Morogoro, ama kwa kupanda milima ya Uluguru ama kwa kupita njiani kwenda Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, hupenda kujifunza kazi ya mikono kwa muda mfupi. Huketi na fundi saa mbili au tatu, na mwisho kila mmoja huondoka na bangili au kidani alichokitengeneza mwenyewe. Fundi hufundisha kwa Kiswahili, mkalimani hufasiri, afisa utamaduni huandika taarifa, na mwalimu wa ufundi huenda akataka kuliingiza somo hilo darasani. Watu hawa wote wanahitaji maneno yale yale. Kwa sababu hiyo mwandishi wa makala haya alitayarisha rasimu ya istilahi za mapambo, akaichukua hadi Mlali ili aipime.

Mlali imo katika Wilaya ya Mvomero, chini ya milima ya Uluguru kwa upande wa magharibi. Anayetoka mjini Morogoro kwa barabara ya Iringa huchepuka Sangasanga, akapita Mzumbe, akafika Mlali kabla barabara haijaanza kupanda kuelekea Mgeta. Wenyeji wa milima hiyo ni Waluguru, ambao ni wakulima. Katika tambarare za wilaya hiyo wanaishi pia wafugaji, wakiwamo Waparakuyo, wanenao Kimaa. Fundi aliyetupokea ni mama wa Kiparakuyo, mtu mzima, ambaye wote waliokuwapo walimwita Yeyo, yaani mama. Nasi tulimwita hivyo hivyo.

Rasimu yapimwa

Neno la kwanza katika rasimu lilikuwa "ufumaji wa shanga". Nilipolisoma, Yeyo aliuliza kwa upole, "Mwalimu, hapa unaona mtu anafuma? Kufuma ni nguo. Kusuka ni ukili. Hizi tunatunga."

Hapakuwa na hoja ya kumjibu. Kitenzi "kutunga" kimo katika kamusi zetu zote, na maana yake ya msingi ni hiyo hiyo ya kupitisha uzi katika vitu vilivyotobolewa na kuvipanga kwa safu: hutungwa shanga, hutungwa maua, hutungwa samaki. Kutokana na maana hiyo zimepatikana nyingine: kutunga shairi, kutunga sheria, kutunga kitabu. Jambo la kushangaza ni kwamba sisi wenyewe husema kila siku kwamba tunatunga istilahi, lakini nilipofika kwenye shanga zenyewe nililisahau neno hilo, kwa kuwa kitabu cha kigeni nilichokitumia kilikuwa na neno lenye maana ya kufuma.

Neno la pili lilikuwa "kifungio", nililoliunda kwa ajili ya sehemu inayofunga mkufu au bangili. Yeyo alituonyesha kwamba bangili yake haina kitu kimoja cha kufungia, bali vitu viwili: upande huu kifungo cha kawaida, kama cha shati, na upande wa pili kitanzi cha uzi. Mwanafunzi akiambiwa "tengeneza kifungio" hatajua aanzie wapi. Akiambiwa "shona kifungo, kisha pima kitanzi kipite juu ya kifungo kwa kubana", ataweza. Kumbe maneno mawili ya kale yalitosha, na neno jipya liliificha kazi badala ya kuieleza.

Neno la tatu lilihitaji kufikiriwa zaidi. Kidani kipana cha duara, kile kinachokaa mabegani, hutungwa kwa waya, mtungo juu ya mtungo. Ili mitungo isiachane wala isipandane, fundi huweka vipande vyembamba vilivyotobolewa matundu kwa mstari, na kila waya hupita katika tundu lake. Katika rasimu nilikiita kipande hicho "kitenganishi". Yeyo alikiita "ngozi", ingawa kile alichokishika mkononi kilikuwa kimekatwa katika ndoo kuukuu ya plastiki. Zamani vipande hivyo vilikuwa vya ngozi ya mnyama. Sasa mali imebadilika na jina limebaki. Jambo hili si geni katika lugha. Kalamu ilikuwa ni unyasi uliochongwa, lakini hakuna anayekataa kuiita kalamu ile ya chuma au ya plastiki.

Dhana isiyokuwamo katika rasimu

Hadi hapo makosa yalikuwa ya maneno. Kosa kubwa zaidi lilidhihirika baada ya mimi mwenyewe kupewa uzi na shanga. Nilitunga safu ya buluu, kisha nikaendelea na nyeusi. Yeyo aliitazama, akaikata, akazirudisha shanga zote katika sahani.

"Rangi hizi zinamezana," alisema. "Ukisimama pale mlangoni huoni mwisho wa hii wala mwanzo wa ile. Weka nyeupe katikati."

Katika rasimu nzima hapakuwa na neno lolote la kueleza jambo hilo. Nilikuwa na majina ya rangi, lakini sikuwa na neno la uhusiano wa rangi mbili zinazokaribiana kwa weusi au kwa weupe hata mpaka wake usionekane. Hali kanuni hii ndiyo inayotawala kazi yote. Mapambo ya Wamaasai na Waparakuyo hutambulikana kwa mbali kwa sababu rangi iliyokoza huwekwa kando ya rangi iliyo nyepesi, na fundi humhukumu mwanafunzi kwa hilo kabla ya kutazama ukazaji wa uzi.

Kwa nini dhana hiyo ilikosekana? Ni kwa sababu rasimu ilitokana na kitabu cha watu wengine. Orodha inayofasiriwa huja na dhana za wale walioiandika kwanza. Hatuwezi kukuta ndani yake jambo ambalo wao hawakulihitaji. Mwundaji wa istilahi anayekaa mezani atajaza kila nafasi iliyo wazi katika orodha yake, naye atadhani kwamba amemaliza, kumbe nafasi iliyo muhimu kuliko zote haikuwekwa. Hili ndilo fundisho kuu la Mlali.

Neno na mali

Huenda msomaji akauliza: je, kuna hasara gani ikiwa fundi ataendelea na maneno yake, na vitabu vikaendelea na yake? Historia ya shanga katika nchi hii yatoa jibu.

Katika karne ya 19 shanga za kioo, nyingi zikitoka Venice, zilikuwa fedha ya njiani kwa misafara iliyotoka pwani kwenda bara. Richard Burton, aliyeondoka pwani mwaka 1857 na kupita Zungomero, upande wa kusini wa Uluguru, aliandika katika kitabu chake cha mwaka 1860 majina mengi ya Kiswahili ya aina za shanga. Shanga nyekundu ndogo ziliitwa samesame, nazo zilikuwa na majina ya utani yenye maana ya "kimaliza chakula" na "kivunja mji", kwa kuwa mtu alikuwa radhi kuacha mlo wake azipate, na wanawake walizitamani mno. Henry Stanley, aliyepita Simbamwenni, karibu na ulipo mji wa Morogoro wa leo, mwaka 1871, alieleza kwamba shanga nyeusi zilipokewa Ugogo lakini hazikuwa na thamani kwa makabila mengine. Kila nchi ilitaka aina yake. Msafara uliokosea jina huko Unguja wakati wa kununua ulibeba mizigo ya shanga zisizonunua hata kibaba cha nafaka, na wapagazi wakalala na njaa.

Leo hakuna anayekufa njaa kwa jina la ushanga, lakini hasara zipo. Chukua neno "ngozi" tulilolitaja. Katika somo ni neno sahihi. Lakini mgeni akibeba kidani chake, na karatasi ya bidhaa ikaandikwa kwamba kina ngozi, afisa wa mpakani ana haki ya kuuliza ni ngozi ya mnyama gani na kibali kiko wapi. Mfasiri wa karatasi hiyo hana budi kuandika "ngozi ya plastiki", au aeleze kwamba ni kipande cha plastiki.

Mfano mwingine ni wa vito, ambavyo pia hutiwa katika mapambo. Katika Mkoa wa Morogoro vito vyekundu huchimbwa Matombo, katika Uluguru, na vilevile Mahenge. Kamusi zetu hutumia neno "yakuti" kwa kito chekundu na kwa cha buluu pia. Kimsingi si kosa, maana vyote viwili ni madini ya aina moja, yaani oksidi ya alumini, na wekundu huletwa na kromi kidogo iliyochanganyika nayo. Lakini kuna kito kingine chekundu, spineli, ambacho ni oksidi ya magnesi na alumini, nacho kwa macho hufanana sana na yakuti. Kito kikubwa chekundu kilichomo katika taji la kifalme la Uingereza kilidhaniwa kwa muda mrefu kuwa yakuti, kumbe ni spineli. Mwaka 2007 vipande vikubwa mno vya spineli vilipatikana Ipanko, karibu na Mahenge. Bei ya vito hivi si moja. Kwa hiyo anayeandika hati ya mauzo kwa neno "yakuti" peke yake huenda akamdhulumu muuzaji au mnunuzi bila kukusudia. Yafaa aandike "yakuti nyekundu", "yakuti samawi" au "spineli", kila moja mahali pake.

Mapendekezo

Utaratibu wetu wa kuunda istilahi unafahamika: kwanza tutazame Kiswahili chenyewe na lahaja zake, kisha lugha za Kibantu, kisha lugha nyingine za Kiafrika, na hatimaye lugha za kigeni. Utaratibu huo umetupatia "bunge" kutoka Kiha, "ngeli" kutoka Kihaya na "kitivo" kutoka lugha za Upare na Usambaa. Katika fani hii hatukulazimika kwenda mbali, kwani karibu mahitaji yote yamo katika Kiswahili cha kawaida. Istilahi zifuatazo zinapendekezwa:

Kutunga: kupitisha uzi au waya katika matundu ya shanga na kuzipanga kwa safu. Utungaji: kazi hiyo.

Mtungo: safu moja ya shanga zilizokwisha tungwa.

Ngozi: kipande chembamba chenye matundu, cha mali yoyote, kinachoshika mitungo mahali pake. Katika hati rasmi mali yake itajwe.

Kifungo na kitanzi: sehemu mbili za kufungia bangili au kidani cha shanga.

Kumezana: hali ya rangi mbili zilizo jirani kutoonyesha mpaka kwa kukaribiana kwa weusi au weupe.

Udodi: waya mwembamba wa kutengenezea mapambo.

Hereni: pambo lolote la sikio. Kipuli: lile linaloning'inia. Jasi: lile la duara linaloziba tundu kubwa la ndewe.

Kuchovya: kupaka pambo la madini duni tabaka jembamba la dhahabu au fedha. Hivyo "pete ya kuchovya" si "pete ya dhahabu".

Msomaji ataona kwamba katika orodha hii hakuna neno hata moja lililoundwa upya. Mengine yalikuwa yamelala katika kamusi, mengine yalikuwa yakisemwa chini ya mti pale Mlali. Kazi yetu ilikuwa kuyatambua, kuyapanga na kuyawekea mipaka ya maana.

Hitimisho

Atungaye shanga hautengenezi ushanga. Huupokea ulivyo, hutazama rangi na tundu lake, akaamua uketi wapi. Mwundaji wa istilahi naye afanye vivyo hivyo kila inapowezekana, na aunde neno jipya pale tu uzi unapoonyesha pengo. Walimu wa ufundi wanaombwa wasiwakanye wanafunzi wanaoleta darasani maneno ya mafundi wa kwao, bali wayaandike pamoja na maelezo ya kazi inayofanywa. Wafasiri wanaombwa, kabla ya kufasiri kitabu cha kazi ya mikono, waketi siku moja na fundi wa kazi hiyo na kuifanya kwa mikono yao wenyewe. Bangili niliyoitunga mimi haikunyooka, lakini rasimu niliyorudi nayo ilikuwa bora kuliko ile niliyokwenda nayo.

Wasomaji wenye maneno ya fani hii kutoka sehemu nyingine za nchi, hasa ya wafua fedha na dhahabu wa pwani na visiwani, wanakaribishwa kuyatuma kwa Baraza ili yajadiliwe.