Kanzu Ndogo ya Kila Mwaka

Leo twapenda kuwaeleza habari za shule moja ndogo iliyoanzishwa huko China, na za wazazi waliowaacha watoto wao pale. Habari hii yatuhusu. Hata kwetu wako wazazi waliokwenda mbali kutafuta kazi, na watoto wamebaki bwenini au kwa nyanya. Je, mtoto aliye mbali na wazazi wake atalelewa na nani?

Mwaka 1865 Mwingereza Hudson Taylor alianzisha misheni iitwayo China Inland Mission, ili Injili ifike katika majimbo ya ndani, mbali na bandari. Wamisionari walikwenda na wake zao, wakazaa watoto huko. Mtoto alipofika umri wa kusoma, mashaka yalianza. Kumpeleka Uingereza kulikuwa ni kuachana naye kwa miaka mingi. Kumweka nyumbani kulikuwa ni kumkosesha masomo, kwa maana karibu nao hapakuwa na shule ya lugha yake.

Basi mwaka 1881 Hudson Taylor alifungua shule katika mji wa Chefoo, ambao leo huitwa Yantai, kando ya bahari katika jimbo la Shandong. Ilianza na wanafunzi 3 tu. Masomo yalikuwa kwa Kiingereza, ili mtoto aweze kuendelea baadaye huko Uingereza. Shule ikakua hata ikawa na mamia ya watoto. Lakini China ni nchi kubwa. Wazazi waliokaa majimbo ya mbali hawakuweza kuja mara kwa mara. Hatusemi kwamba jambo hili halikuwa na uchungu. Wako waliokumbuka shule ile kwa furaha, na wako waliobaki na jeraha la upweke.

Kisha vita vikaja. Mnamo Novemba 1942 Wajapani waliwatoa walimu na wanafunzi katika shule yao na kuwafunga, na mwaka 1943 wakawahamishia kambi ya Weihsien, pamoja na wageni wengine. Watu wapata 1,500 walikaa ndani ya kuta zile. Chakula kilikuwa haba. Mara nyingi kilikuwa uji wa mtama, ambao sisi twaujua vema. Walimu waliogopa kwamba mifupa ya watoto italegea, basi wakasaga maganda ya mayai na kuwalisha unga wake kwa kijiko. Masomo hayakukoma. Adabu ya mezani nayo haikukoma, ingawa sahani zilikuwa makopo.

Katika kambi ile alikuwamo Eric Liddell, aliyeshinda mbio za mita 400 katika Olimpiki ya Paris mwaka 1924. Yeye mwenyewe alizaliwa China, na alipokuwa mtoto mdogo aliachwa katika shule ya bweni Uingereza. Sasa mkewe na binti zake watatu walikuwa Kanada, na yule wa mwisho hakupata kumwona kamwe. Hata hivyo hakukaa akijililia. Aliwafundisha watoto wa wengine sayansi na kuwasimamia katika michezo. Alifariki humo kambini tarehe 21 Februari 1945. Miezi sita baadaye, tarehe 17 Agosti, askari Wamarekani walishuka kwa miavuli na kambi ikafunguliwa. Vitukuu wanne wa Hudson Taylor waliwaona tena wazazi wao baada ya miaka mitano na nusu.

Ndugu zetu, fungueni Biblia, 1 Samweli 2:18-21. Hana alimwacha Samweli Shilo, lakini hakumsahau. Kila mwaka alimpelekea kanzu ndogo. Hebu fikirini: ili kushona kanzu ya kumtosha, ilimpasa mama huyu kuwaza moyoni mwanawe amekuwa mrefu kiasi gani.

Je, wewe mzazi uliye mbali, wajua kimo cha mtoto wako leo? Karo ni njema, lakini karo si kanzu. Mwandikie. Mpigie simu. Nenda ukamwone, umwulize habari zake, usiulize nambari aliyoshika darasani peke yake.

Na wewe mwalimu, shangazi, au jirani uliyeachiwa mtoto wa mwingine, usidhani kazi yako ni ndogo. Labda ni wewe Mungu aliyekuweka ushike kile kijiko.

Shule ile ilifunga milango yake nchini China mwaka 1951. Majengo yana mwisho wake, lakini malezi mema hubaki ndani ya mtu.

Na tuombe. Ee Baba, uwatunze watoto wetu walio mbali nasi, na utufundishe kuwatunza walio karibu nasi. Amina.