Nyenga wa Madoa ya Buluu

Maji yakitoka Jambiani, Zanzibar, wanawake huingia mwambani na vijiti vyao kutafuta pweza. Chungulia nao chini ya jabali: huenda usione pweza bali mkia mwembamba wenye mistari miwili ya buluu, inayong'aa kama iliyopakwa rangi jana. Usiuguse. Mwenyewe ni nyenga, mmoja wa jamii ya taa, na kuelekea ncha ya mkia huo ana miiba yenye sumu.

Mwili wake ni wa mviringo, umanjano wa mchanga uliotapakaa madoa ya buluu, na upana wake ni kama sentimita 35 tu. Mwanasayansi Peter Forsskål alimwandika kutoka Bahari ya Shamu. Maelezo yake yalichapishwa 1775, miaka 12 baada ya mwenyewe kufia Yemen.

Kinachonivutia zaidi ni kwamba anaishi kwa saa ya maji, kama watu wa pwani. Taa wengi hujifukia mchangani. Huyu ni nadra kufanya hivyo. Yakipwa, hujibanza mapangoni mwa matumbawe. Yakianza kujaa, hutoka, mara nyingi kwa makundi, akapanda nayo hadi kwenye mchanga wa maji mafupi kutafuta kaa, kamba na minyoo.

Macho yako juu, kinywa kiko chini, kwa hiyo hakioni anachokila. Hunusa, na kuzunguka kinywa ana vitundu vilivyojaa ute vinavyonasa umeme hafifu wa kiumbe aliyejificha. Akimpata, humlalia kwa mwili wote asitoroke. Wakati huo huvuta pumzi kwa matundu mawili nyuma ya macho, asimeze mchanga.

Mayai yake huanguliwa tumboni. Kiini kikiisha, mama huwalisha wanawe majimaji mazito mfano wa maziwa. Huzaa wasiozidi saba, kila mmoja na madoa yake tayari. Kwa uzazi mchache hivyo, inauma kuona akivuliwa kwa ajili ya matangi ya kioo ya ng'ambo, ambako wengi hugoma kula hadi wakafa.

Akikuchoma, tumbukiza mguu katika maji ya moto unayoweza kuyavumilia, kisha nenda hospitali. Joto huivunja sumu yake. Bora zaidi, maji yanapojaa usinyanyue miguu. Ikokote mchangani polepole: atausikia mtikisiko, naye atakupisha.